Vidole Vyangu Kwenye Barabara ya Nyamasaria

Mume wangu alipunguzwa kazi bandarini wakati meli za ziwani zilikuwa zimeanza kulala gatini zaidi ya kusafiri, na kampuni iliyomwajiri kusimamia upakiaji haikuwa tena na mizigo ya kupakia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliporudi kutoka shuleni jioni ile nilimkuta ameketi kitandani, viatu vya kazi bado viko miguuni. Alinipa habari hiyo kwa maneno machache, kama mtu anayesema kwamba maji ya mfereji yamekatika. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akalala.

Naweza kusema alilala karibu mwaka mzima. Si usingizi. Alilala tu, uso umeelekea ukutani, redio ikisema peke yake. Nyumba tuliyokuwa tukiishi mjini ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo tulihamia Nyamasaria, ambako siku zile bado kulikuwa na mashamba ya mahindi katikati ya nyumba zilizojengwa nusu, na barabara kuu ya Nairobi ikipita papo hapo na malori yake. Tulipata vyumba viwili. Watoto wetu wanne walilala chumba cha mbele, na asubuhi tulikunja magodoro yao ili tupate mahali pa kukanyaga.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Darasa langu lilikuwa na watoto wanaoketi watatu watatu kwenye dawati la wawili, wengine sakafuni. Niliamka kabla ya mapambazuko, nikapika uji, nikawaandaa watoto, nikatembea hadi shuleni, nikasimama mpaka jioni, nikarudi kufua na kupika na kusahihisha madaftari. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wanawake wote niliowajua waliishi hivyo. Ila uchovu wangu wa miaka ile haukuwa ule unaokwisha mtu akilala. Niliamka nao, nikauvaa kama nguo ya jana.

Kisha mume wangu akaanza kuumwa kichwa. Nilimpeleka kliniki, na afisa wa pale, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi, akampima presha, akapima tena mkono wa pili. Akamwambia apunguze chumvi na kila asubuhi atembee haraka, au akimbie polepole, mpaka atoke jasho. Mume wangu alirudi nyumbani kama aliyetukanwa.

"Mtu wa rika langu akimbie," alisema, "anakwenda wapi?"

Alisema pia kwamba mwanamume akionekana anakimbia peke yake alfajiri huko Nyamasaria, watu watadhani ni mwizi, na mwizi siku hizo hakuulizwa mara mbili. Hilo lilikuwa kweli, sikuweza kulipinga. Akiwa na mke wake, alisema, angalau watasimama kwanza kutazama. Alilisema akidhani limemaliza mjadala. Nami nikaenda kutafuta sketi ya zamani na leso ya kujifunga juu yake.

Ndivyo nilivyoanza kukimbia. Sikuwa na presha, sikuwa na kichwa kinachouma, na wala sikuwa na nguvu za ziada mwilini. Nilikimbia ili yeye akimbie.

Tulianza kwa kufuata kando ya barabara kuu hadi daraja la mto, kisha tukashika njia ya udongo inayoteremka kuelekea ziwani. Siku ya kwanza kabisa, mama mmoja aliyebeba beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, alitusimamisha. Alishusha mzigo wake chini, akatuuliza kwa Kijaluo ni nani amekufa. Kwetu, mwanamke mzima aliyejifunga leso hakimbii barabarani ila kwa jambo moja, na miaka ile jambo hilo lilikuwa karibu na kila mtu. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi, na waliozikwa walikuwa vijana wengi kuliko wazee. Nilimwambia hakuna aliyekufa, tunafanya mazoezi tu. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, na ilikuwa wazi kwamba hakuamini. Alisema "mos", yaani pole, akajitwika beseni lake akaenda zake.

Baada ya wiki chache watu walituzoea. Wenye baiskeli walitupigia kengele. Vijana wa gereji walituita wanajeshi.

Vidole vyangu vilianza kufa ganzi wakati mahindi yalikuwa yamefika magotini. Kilianza kidole kidogo cha mguu wa kulia. Nilihisi kama kimefungwa pamba. Siku zilizofuata pamba hiyo ikaenea kwenye vidole vya jirani, kisha ikaingia mguu wa kushoto, mpaka ikawa kwamba tukivuka daraja tu, sehemu yote ya mbele ya miguu yangu hainipi habari yoyote. Niliona kiatu kikigusa ardhi lakini sikusikia kitu. Hakukuwa na maumivu. Maumivu ningeyaelewa. Hii ilikuwa kama kukimbia kwa vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwenye vifundo vyangu. Tukirudi nyumbani niliketi kizingitini, nikavua viatu, na damu ikarudi kwa kuchomachoma kama siafu wamepanda. Niliuma meno mpaka waishe. Kisha nikaosha uso nikaenda kusimama mbele ya darasa.

Raba nilizokuwa nikivaa nilizichagua mwenyewe kwenye lundo la mitumba sokoni Kibuye, siku ya Jumapili, saizi ileile niliyovaa tangu nikiwa chuo cha ualimu. Kisigino cha ndani kilikuwa kimelika, kwa hiyo nilivaa soksi mbili mbili. Na kamba nilizikaza sana, kwa sababu udongo wa kule ni ule mweusi unaonata; mvua ikinyesha, unaweza kuinua mguu kiatu kikabaki.

Nilijaribu kila nilichoweza bila kumwambia mtu. Nililegeza kamba, na siku hiyohiyo tope likanivua kiatu cha kushoto. Nilipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Niliitumbukiza miguu kwenye karai la maji moto yenye chumvi usiku, watoto wakauliza kama mimi pia nimekuwa bibi. Nilijifunza kuchezesha vidole ndani ya kiatu huku nakimbia, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika, maana unakiamuru kitu ambacho hakikujibu. Nilipozidiwa nilijifanya nafunga kamba, nikapiga miguu chini, mume wangu akatangulia mbele kidogo, kisha akageuka kunisubiri akirukaruka mahali pamoja.

Sikumwambia kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba alikuwa amefufuka. Sina neno lingine. Alianza kula. Alianza kunyoa ndevu. Na barabarani, tukikimbia polepole bega kwa bega, alianza kuzungumza. Nyumbani hakusema chochote zaidi ya kuuliza mahali mwiko ulipo. Lakini tukishapita daraja alinieleza habari za bandarini, harufu ya magunia ya pamba, manahodha waliokataa kuondoka mpaka wapewe chai, na asubuhi moja alinieleza jinsi alivyoikuta orodha ya majina ukutani na jinsi alivyolisoma jina lake kama la mtu mwingine. Aliyasema hayo akitazama mbele, pumzi zikimkatiza. Nilijua nikisema vidole vinanisumbua, atasema basi leo tupumzike. Na nilijua hiyo leo itakuwa ndefu kiasi gani.

Ya pili ilikuwa woga. Mwalimu mwenzangu, mama aliyefundisha darasa la kwanza, aliwahi kunieleza katika chumba cha walimu kwamba vidole vyake vya miguu havisikii kitu tena. Alicheka alipokuwa akisema. Baadaye tulikwenda kumwona hospitali kuu, na mguu wake ulikuwa umekatwa chini ya goti. Ulikuwa ugonjwa wa sukari, na hakuwa akijua. Tangu siku ile, kila nilipoketi kizingitini nikivua soksi, nilimwona yeye na shuka lake lililolala bapa mahali ambapo mguu ungekuwa. Sikutaka kupimwa. Nilikuwa nimeshazichoka hospitali, nimechoka kubeba chakula kwenye chupa kwenda kulisha ndugu wa huyu na yule. Sikuona nitapata wapi nguvu za kuwa mgonjwa mimi mwenyewe.

Basi nikaendelea. Kulikuwa na asubuhi nilizokimbia nusu nimelala, nikifuata mgongo wa mume wangu tu.

Nilianguka asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha. Tulikuwa tunarudi, karibu na kalvati, mahali ambapo wanawake wanaopeleka mboga mjini hutokea barabarani. Mguu wa kulia ulikanyaga jiwe, ukapinduka, nami sikujua umepinduka mpaka nilipoona ardhi inakuja. Nilitua kwa mikono na magoti. Nilipogeuka kuketi, niliona kipande cha waya kimetokeza juu ya kiatu, pembeni ya kidole gumba. Kilikuwa kimeingia kwa chini, kikapita ngozi, kikatokea juu, na soksi ilikuwa imelowa damu. Sikuwa nimehisi chochote. Nilikitazama kile kiatu kama cha mtu mwingine.

Mume wangu alirudi mbio. Alipoona ule waya alipiga magoti kwenye tope, akaushika mguu wangu, akauweka juu ya paja lake.

Lazima nieleze kwamba kwetu mwanamume wa umri wake hapigi magoti mbele ya mke wake, sembuse barabarani. Wanawake walikuwa wameanza kusimama na makarai yao vichwani. Mwenye baiskeli mmoja aliweka mguu chini. Nilimnong'oneza ainuke, watu wanatazama.

"Waache watazame," alisema.

Aliuchomoa waya polepole. Alifungua kamba, ambazo zilikuwa zimekazwa hata ikabidi atumie meno. Alivua kiatu, akavua soksi ya kwanza, akakuta ya pili, akaivua nayo. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda majini, na kimoja kinatoka damu. Akakibonyeza cha mwisho.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

Nilimwambia tangu mahindi yalipokuwa magotini. Mahindi ya shamba lililokuwa pale kando yetu yalikuwa yameshavunwa, mabua tu yamebaki. Aliyatazama yale mabua, kisha akautazama mguu.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, hata nyumbani.

"Ungerudi kulala."

Alianza kuusugua mguu kwa viganja vyake vyote viwili, kwanza polepole kisha kwa nguvu, kama mtu anayefua. Damu ilipoanza kurudi na siafu wakapanda, nilianza kulia. Alidhani nimeumia, akaacha kusugua. Nilimwambia hapana, si mguu.

"Nimechoka," nilisema. "Nimechoka tu, Baba."

Sikuwahi kumwambia neno hilo. Nilikuwa nimeliambia karai la kufulia, na walimu wenzangu, na Mungu, lakini si yeye. Alibaki amepiga magoti pale, mikono imefunika mguu wangu, na mama mmoja akatoa kitambaa kwenye mzigo wake akampa afunge kile kidonda. Hakuna aliyecheka. Mwenye baiskeli alinipakiza kwenye karia, mume wangu akashikilia mgongo wangu kwa nyuma, na wakanisukuma hivyo mpaka kliniki, viatu vyangu vikining'inia shingoni mwa mume wangu kwa kamba zake.

Afisa wa kliniki alikuwa yuleyule. Foleni ilifika getini. Alisafisha kidonda, akaniuliza maswali, akanipa kichupa nilete mkojo. Aliuchanganya na dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto mdogo wa spiriti, nami nikasimama nikitazama ile rangi, nikimfikiria mwalimu wa darasa la kwanza. Rangi ilibaki buluu. Alisema hakuna sukari. Alisema kwa sauti ileile ambayo angesema kuna sukari.

Kisha akakiokota kiatu changu, akakiweka sakafuni karibu na mguu, akauliza nimezaa mara ngapi. Nilimwambia. Akasema mwanamke akizaa, miguu hutanuka na hairudi, na mtu akikimbia kwenye joto huvimba zaidi, na kiatu kikiwa chembamba hubana mishipa ya fahamu mpaka vidole vinakufa ganzi. Soksi mbili zinaongeza kubana, na kamba zinamaliza kazi. Nivae kiatu kikubwa zaidi na kipana, soksi moja, na matundu ya chini niyaache bila kamba. Yote hayo aliyasema akiandika, bila kuinua kichwa, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Nilikuwa nimetegemea kwamba nikiambiwa si ugonjwa wa sukari nitafurahi. Sikufurahi. Niliketi kwenye benchi nje kungoja sindano ya pepopunda, nikaegemeza kichwa begani kwa mume wangu, na usingizi ukanichukua mbele ya watu wote. Aliniambia baadaye kwamba muuguzi alipoita jina langu, alimwomba awapitishe wengine kwanza.

Jumapili alikwenda Kibuye peke yake. Alikuwa ameuchora mguu wangu juu ya kipande cha katoni, akakikata, akawa anakitumbukiza kwenye kila kiatu. Alirudi na raba za kiume, za kijani, pana kama mitumbwi. Watoto walizicheka. Aliketi akazitia kamba yeye mwenyewe, akaruka matundu ya chini kama tulivyoambiwa.

Kesho yake niliamka saa ileile ya siku zote, na mguu wangu bado una bendeji. Aliweka mkono begani kwangu akanirudisha chini.

"Leo nitakwenda peke yangu."

Nilimuuliza habari ya kudhaniwa mwizi.

"Wananijua sasa," alisema.

Nilisikia mlango ukifungwa, kisha miguu yake kwenye kokoto, kisha ikapotea. Nilidhani nitabaki macho nikimsubiri. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshafika ukutani na nyumba ilikuwa kimya. Watoto walikuwa wamekunywa uji alioupika baba yao, wenye madonge, sufuria imeshika chini, na wamekwenda shule. Nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mwalimu mkuu alinitazama, akatazama bendeji, akarudi kwenye karatasi zake.

Kidonda kilipopona nilizijaribu zile raba Jumamosi moja. Nilipita daraja na nikavihisi vidole vyangu, kimoja kimoja, hata kokoto chini yake. Kidole kidogo cha kulia pekee hakikuamka sawasawa. Mpaka leo nikikigusa ni kama nakigusa juu ya kitambaa. Nimekizoea.

Ningependa kusema kwamba uchovu uliisha siku ile barabarani, lakini haukuisha. Darasa lilibaki lilivyo, mazishi hayakupungua, na mume wangu hakupata kazi kwa muda mrefu. Kilichobadilika ni kwamba uji wa asubuhi ukawa wake, na madonge yakapungua, nami nikakimbia siku nilizotaka tu, ambazo hazikuwa nyingi.

Baadaye jamaa yake alimpatia kazi Port Victoria, mji wa wavuvi kando ya ziwa, kwa wafanyabiashara wanaonunua samaki kutoka kwa wavuvi na kupakia samaki hao kwenye barafu. Alikuwa akirudi mwisho wa mwezi, nguo zake zinanuka samaki hata zikifuliwa mara mbili. Alifika Ijumaa jioni, akala, akalala mpaka Jumamosi mchana, na huo ulikuwa usingizi wa kweli, mdomo wazi, mkono umening'inia.

Jumamosi moja ya namna hiyo nilimwacha amelala, nikavaa raba zangu, nikateremka peke yangu hadi ziwani. Nilikuwa nimetamani kuketi na kuingiza miguu majini. Lakini ilikuwa miaka ile magugu maji yalipovamia ziwa, na kutoka ukingoni hadi mbali kulikuwa na kijani kitupu chenye maua ya zambarau. Hapakuwa na maji ya kuingiza mguu. Nilivua viatu tu, nikaweka miguu kwenye nyasi, upepo ukaukausha jasho. Wanaume wachache walikuwa wakivuta mashua kwa kamba katikati ya magugu. Walivuta, wakasimama kuhema, wakavuta tena. Niliwatazama mpaka walipoiacha na kuketi juu ya ukingo wake kupumzika.

Nikavaa viatu nikarudi nyumbani kwa kutembea. Kulikuwa na nguo za kufua, na yeye angeamka na njaa.